Mapendeleo katika uboreshaji wa muundo: programu inaambiwa itafute vipi na isimame lini

Programu za usanifu wa kihandisi kama Creo na SolidWorks zinaweza kukutafutia vipimo bora vya kifaa unachochora. Wewe unataja mambo matatu: vipimo vinavyoruhusiwa kubadilika, masharti yasiyovunjwa, na lengo, mathalani uzito uwe mdogo kabisa. Mapendeleo, yaani mipangilio ya namna ya kutafuta, hayamo kati ya hayo matatu. Kazi yake ni kuiambia programu itafute kwa njia gani, ikuoneshe nini ikiwa kazini, na iridhike wakati gani.

Hilo la kuridhika ndilo wengi huliruka. Chukua tangi la duara lenye umbo la pipa, la lita 1,000, lililofunikwa juu na chini, nawe unataka litumie bati kidogo iwezekanavyo. Jibu lake linajulikana kwa hesabu: kimo kilingane na kipenyo, takriban sm 108 kila kimoja, na bati liwe mita za mraba 5.54. Sasa tuseme programu imeanza na kipenyo cha sm 90, bati 5.72, kisha ikaruka hadi sm 100, bati 5.57. Bati limepungua kwa asilimia 2.6. Kama uliiagiza isimame pale mabadiliko yanaposhuka chini ya asilimia 3, itaishia hapo na kukuambia imemaliza. Ukiweka asilimia 1, itaendelea kutafuta.

Je, umepoteza nini kwa kuishia sm 100? Bati la ziada halifiki hata asilimia 1, ingawa kipenyo kimekosewa kwa sm 8. Kwa fundi wa matangi hilo si neno. Ila kama sm 8 hizo zinaamua tangi litakaa wapi, asilimia 3 ni uzembe. Pamoja na asilimia hiyo huwekwa idadi ya juu ya mizunguko, yaani mara ambazo programu itabadilisha vipimo na kupima tena. Hiyo ni breki tu: programu ikisimama kwa sababu mizunguko imekwisha, jibu lake usilichukulie kuwa limekamilika.

Halafu kuna njia ya kutafuta. Creo hukupa mbili. GDP huanzia pale modeli yako ilipo na kufuata mteremko, kama maji yanavyotelemka hadi bonde la karibu, hata kama ng'ambo ya kilima kuna bonde lenye kina zaidi, yaani jibu bora zaidi. MDS hutafuta kwanza mahali pazuri pa kuanzia, na hiyo hugharimu muda. Tangi letu lina bonde moja, kwa hiyo GDP yatosha; kiegemeo chenye matundu na mbavu nyingi ni habari nyingine, kwani huenda kina mabonde mengi. SolidWorks nayo inakutaka uchague kati ya ubora wa juu na matokeo ya haraka. Ule wa kwanza hutumia mpangilio wa Box-Behnken, yaani mpango wa kuchagua vipimo vya kujaribu, ambao kwa vipimo vitatu hudai majaribio 13 ya msingi. Kila jaribio likihitaji uchambuzi mzito wa mikazo, ujue unasubiri.

Grafu ambazo programu huchora ikiwa kazini huonekana kama pambo, lakini mimi huziwasha zote, hasa za masharti. Tuseme tangi lazima lipite mlangoni, kipenyo kisizidi sm 80. Jibu litaganda kwenye 80 kamili, kimo kifike karibu mita 2, na bati lipande hadi takriban 6.01. Grafu itakuonesha mstari umegota kwenye mpaka. Usipoiona, utashinda ukichezea asilimia na mizunguko, kumbe kinachokuzuia ni mlango.