Saratani ya titi ikipanda ubongoni: acheni kusingizia malaria

Maswali haya huulizwa na ndugu wanaoleta mama, dada au shangazi aliyewahi kutibiwa saratani ya titi na sasa kichwa kinamsumbua. Wanatoka huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: Rungwe, Makete, Mbozi, Mafinga. Wengi wanafika wamechelewa, na sababu ya kuchelewa karibu kila mara ni ileile.

Titi lilishakatwa. Saratani inafikaje kichwani?

Upasuaji huondoa donge linaloonekana. Seli chache zinaweza kuwa zilishaingia kwenye damu kabla ya siku ya upasuaji, zikakaa kimya miezi au miaka. Zikikulia ubongoni bado ni saratani ya titi, siyo ugonjwa mpya. Aina mbili ndizo zinazopenda zaidi kwenda huko: ile yenye HER2 nyingi (protini inayoihimiza seli kukua), na ile isiyo na kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ishara, hata kimoja kati ya vitatu vinavyopimwa (estrojeni, projesteroni na HER2). Aina yako imeandikwa kwenye majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Karatasi hiyo itunzeni kama hati ya shamba.

Ubongo si una ulinzi wake? Seli hizo zinaishije humo?

Ulinzi upo. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana kuliko za kiungo kingine chochote, na nje yake zimeshikwa na astrosaiti, yaani seli zenye umbo la nyota zinazolisha na kutunza seli za neva. Seli nyingi za saratani zinazopenya ukuta huo hufa. Astrosaiti zinachangia kuzalisha plasimini, kimeng'enya kinachozibandua seli za saratani kwenye mshipa zilikong'ang'ania na kuachilia ishara ya kuziua.

Chache hunusurika. Hizi hutengeneza protini ziitwazo serpini, ambazo huizima plasimini. Baada ya hapo hujizungushia mshipa wa damu kama maharage yanavyopanda bua la muhindi, zikila chakula kinachopita humo.

Kinachofuata ndicho kibaya zaidi: mlinzi anageuzwa kuwa msaidizi. Seli za saratani hufungua vijitundu kati yao na astrosaiti na kupitisha ishara. Astrosaiti, zikidhani kuna maambukizi, humwaga kemikali za kuamsha kinga, na kemikali hizohizo huzipa seli za saratani nguvu ya kukua na kustahimili dawa. Astrosaiti pia hutoa vifuko vidogo vinavyozima PTEN, jeni inayofanya kazi ya breki ndani ya seli. Mwaka 2019 likaonyeshwa jingine: seli za saratani ya titi hujipachika pale seli mbili za neva zinapopeana taarifa na kunyonya glutamati, kemikali ya kupeana taarifa inayotolewa hapo, kama mtu anayejiunganishia umeme wa jirani kwa siri. Mengi ya haya yameonekana kwa panya wa maabara na kwenye vipande vya ubongo vya wagonjwa.

Hayo yananihusu nini mimi ninayemuuguza mama?

Yanakuhusu sana. Ukuta uleule unaozuia sumu huzuia pia dawa nyingi za saratani. Mama anaweza kuwa anaendelea vizuri na sindano za trastuzumabu (dawa ya saratani yenye HER2 nyingi), kifua safi, ini safi, huku ubongoni kitu kinakua. Kwa hiyo kusema "lakini mwezi uliopita alipimwa wakasema yuko sawa" hakumalizi jambo, kama kichwa hakikupimwa.

Pili, fuvu ni mfupa uliofungwa. Donge dogo likizungukwa na maji ya uvimbe halina pa kutanukia, linakandamiza ubongo.

Dalili zake ni zipi?

Kichwa kinachouma zaidi alfajiri au anapolala chali, na kinachozidi wiki hadi wiki. Kutapika, mara nyingine bila hata kichefuchefu. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea: kikombe kinamponyoka, ndala inamvuka bila kujua. Kuona viwili, maneno kumkwama, kuyumba. Kubadilika tabia. Degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuipata.

Si inaweza kuwa malaria tu, au hii baridi yetu?

Hapa naomba tuelewane. Makete na Njombe malaria ni chache mno, na bado mgonjwa analetwa akiwa amemaliza dozi mbili au tatu za dawa ya mseto, kipimo kikiwa kilionyesha hana malaria tangu siku ya kwanza. "Malaria imepanda kichwani" ni maneno ya mtaani, siyo kipimo. Kipimo kikisema hakuna, hakuna.

Baridi hailegezi mkono mmoja. Baridi haimfanyi mtu aone viwili.

Aliyewahi kuwa na saratani ya titi, hata kama ni miaka mitano iliyopita, akipata dalili mojawapo kati ya hizo, aende hospitali siku hiyohiyo. Siyo baada ya kumaliza panado. Siyo baada ya kuvuna viazi. Siku hiyohiyo.

Alianguka degedege, watu wanasema ni mapepo. Tukaombe kwanza?

Ombeni mkiwa njiani. Hakuna anayewakataza kuomba. Tunachokataa ni wiki tatu za kulazwa kwenye maombi au kwa mganga huku donge likiongezeka. Mgonjwa ambaye wiki ya kwanza angetembea mwenyewe hadi chumba cha daktari analetwa amebebwa, hasemi. Uwezo wa mguu au wa kuongea ukishapotea hivyo, mara nyingi haurudi wote.

Degedege ikianza, mlazeni ubavu, ondoeni moto na vitu vikali, legezeni nguo za shingoni, tazameni saa. Msiweke kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Meno huvunjika na chakula huingia mapafuni. Povu haliambukizi, msiogope kumgusa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, tafuteni gari.

Hospitali watafanya nini?

Watapiga picha ya kichwa. CT, picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, ichukuliwe na ile dawa inayochomwa kwenye mshipa, kwa sababu bila hiyo madonge madogo hupita bila kuonekana. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona zaidi. Mwambieni daktari kwa sentensi ya kwanza: "Huyu aliwahi kuwa na saratani ya titi." Msisubiri aulize. Wapo wanaoificha kwa aibu, na daktari anatibu kifafa.

Donge moja linalofikika linaweza kukatwa. Mengine hupigwa mionzi, na kwa mionzi hiyo wengi wa mikoa yetu hupelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Zipo pia dawa kulingana na aina ya saratani ya titi.

Alipewa deksamethasoni, siku ya tatu kichwa kikaacha. Si amepona?

Hajapona. Deksamethasoni hupunguza maji yaliyozunguka donge. Donge lenyewe lipo palepale. Watu wengi huishia hapa, wanarudi nyumbani, rufaa inakaa kabatini. Wakirudi, donge limeshakua.

Dawa hii inywewe baada ya kula, asubuhi na mchana, maana ya jioni humnyima usingizi. Hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apimwe. Na isikatishwe ghafla: uvimbe hurudi, na mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni inayofanana nayo, mtu anaweza kuzirai na hata kufa. Hupunguzwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari.

Ni Ijumaa jioni, basi la Mbeya limeshaondoka. Tusubiri Jumatatu?

Hapana. Nendeni usiku huo hospitali iliyo karibu, hata kama haina CT. Deksamethasoni na dawa ya degedege mara nyingi zinaweza kuanzwa hapo kabla ya safari, na rufaa ikaandikwa. Bebeni karatasi ya majibu ya kinyama, kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, na mtu mmoja anayejua dalili zilianza siku gani.