Rubani hakuzungushi: uongo tunaoamini kuhusu safari ndefu za ndege

Ukikaa kwenye ndege ya masafa marefu ukawasha ile ramani ya kwenye skrini, unakuta mstari wa safari umepinda kama upinde, umepanda juu kabisa karibu na mabarafu halafu unashuka tena, na lazima kuna mtu siti ya pili atauliza mbona huyu rubani anatuzungusha, si angenyoosha tu? Hii ndo dhana mama.

Kilichopinda ni ramani, njia imenyooka. Dunia ni duara kama chungwa, na ukimenya chungwa ukataka ganda lilale bapa mezani lazima ulichane au ulivute, sasa wachora ramani wengi wamechagua kulivuta, na panapovutwa zaidi ni kule juu na chini kwenye ncha. Ndo maana Greenland, kile kisiwa cha barafu cha kule kaskazini, inaonekana inalingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Kama huamini tafuta tufe la dunia na uzi, bana mwisho mmoja Dubai na mwingine Los Angeles halafu ukaze. Uzi wenyewe utakimbilia kaskazini mpaka jirani na Ncha ya Kaskazini, wala hujaulazimisha. Jaribu kuupitisha ile njia ya ramani inayoonekana fupi, unakatiza Atlantiki, utaona haufiki.

Sasa kuna wajanja wakishaelewa hilo wanahamia kosa la pili, wanadhani basi ndege inafuata huo uzi kila siku. Wapi! Chukua New York na Singapore, kwa uzi ni kama kilomita 15,300 na ushee, na kwa miaka kadhaa ndo imekuwa safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua, zaidi ya masaa 18 hewani. Uzi wake unapita karibu kabisa na Ncha. Lakini mara nyingi ndege inayotoka New York inavuka Atlantiki na kupita Ulaya, na ile inayotoka Singapore inakata Pasifiki, yaani zote mbili zimeelekea mashariki, kwa hiyo mtu aliyeenda na kurudi kaizunguka dunia nzima na huenda muda wote alikuwa kalala.

Kisa ni upepo. Huko juu, kilomita kama 10 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, na rubani akiipata mgongoni anafika mapema na mafuta yanabaki, hata kama njia imekuwa ndefu kidogo. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56 tu, kasi yake ukiipima na ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, watu wakaanza kusema imevunja kasi ya sauti. Haikuvunja chochote. Fikiria mtumbwi unaoshuka na mto, mpiga kasia anapiga vilevile kama siku zote, aliyesimama ukingoni ndo anaona unakimbia. Na wale wanaosema kwenda magharibi kunachukua muda tofauti kwa sababu dunia inajizungusha chini ya ndege, hapana, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, la sivyo hata helikopta ingepaa ikasubiri mji uifuate.

Nyingine ninayoisikia sana: ndege ya injini mbili haiwezi kuvuka bahari kubwa, lazima nne. Zamani kulikuwa na ukweli kidogo, sheria ya Marekani iliibana ndege ya injini mbili isikae mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja inachoweza kutua kwa injini moja. Mwaka 1985 zikaruhusiwa dakika 120, zikazidi kuongezwa, na leo Airbus A350 inaweza kupewa kibali mpaka cha dakika 370. Kinachochekesha ni kwamba safari ya Singapore kwenda Newark, jirani na New York, ilikuwa inafanywa na A340-500 ya injini nne, ikasimamishwa 2013 kwa sababu ilikuwa inakunywa mafuta balaa, na iliporudi 2018 ilirudi na A350 ya injini mbili.

Usidhani pia kwamba kwenda mbali ni suala la kuongeza tanki tu. Mafuta ni mzigo, na kubeba mzigo kunataka mafuta, kwa hiyo sehemu ya mafuta inaungua kwa kazi ya kubeba mafuta mengine. Ile A350 ya Singapore ilifungwa siti 161 tu, wakati ndege ya ukubwa huohuo kwa safari za kawaida inabeba watu 300 na zaidi.

Halafu kuna hii ya kwamba anga ni ya kila mtu, ukishapaa hakuna mpaka. Mipaka ipo na inauma. Mwaka 2022 Urusi ilipofunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya, safari ya Finnair, shirika la ndege la Finland, kutoka Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa masaa 9 na kidogo ikawa kama 13, ikabidi wapite juu ya Ncha ya Kaskazini. Na wala haikuwa mara ya kwanza, 1983 shirika hilohilo lilikuwa linapitisha ndege zake za DC-10 hukohuko likikwepa anga la Wasovieti. Abiria wa 2022 walipewa na cheti cha kuvuka Ncha.