Mfumo wa Vihisi vya Hatari za Kikemikali na Kibiolojia: Maana Yake na Namna Unavyofanya Kazi

Mfumo wa vihisi vya hatari za kikemikali na kibiolojia ni mpangilio wa vifaa, hesabu na watu, ambao kazi yake ni kugundua kwamba hewa au maji ya mahali fulani yameingiwa na sumu au kimelea cha maradhi, na kugundua hilo mapema kiasi cha kuwawezesha wahusika kuchukua hatua. Watu wengi wakisikia maelezo hayo hufikiria kifaa kimoja chenye taa nyekundu na king'ora. Kifaa hicho kipo, lakini ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Kabla yake kuna swali la wapi kiwekwe, na baada yake kuna swali gumu zaidi, yaani nani apewe taarifa, kwa muda gani, na aiamini kwa kiasi gani.

Hatari zinazokusudiwa hapa si za vita na ugaidi peke yake. Katika jiji la Dar es Salaam zipo nyingi za kawaida: amonia inayotumika kwenye mitambo ya barafu na maghala ya samaki, klorini ya kusafishia maji, mafuta yanayoshushwa Kurasini, viuatilifu, na vimelea vya kipindupindu vinavyosafiri na maji ya mvua. Usimamizi wa kemikali kama amonia na klorini uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani.

Tuanze na mfano mmoja wa karibu. Kontena la nafaka linapofika bandarini, mara nyingi limefukizwa kwa gesi ya fosfini ili kuua wadudu. Gesi hiyo hutokana na vidonge vya fosfaidi ya alumini, ambavyo hukutana na unyevu wa hewa na kuachia fosfini polepole. Mfanyakazi anayejua kazi yake hafungui mlango moja kwa moja. Huchukua kipima gesi cha mkononi chenye pampu ndogo, akapenyeza mpira wake mwembamba kwenye mpenyo wa mlango, akasubiri namba itulie kwenye kioo. Kiwango kinachoruhusiwa kisheria nchini Marekani kwa mtu afanyaye kazi siku nzima ni sehemu 0.3 tu katika kila sehemu milioni moja za hewa, kwa hiyo namba inayoonekana ndogo yaweza kuwa kubwa kwa mapafu. Ikiwa imezidi, kontena huachwa lipumue kwanza. Harufu ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, ambayo wengi huitegemea, haitoshi, kwa sababu hutokana zaidi na uchafu uliochanganyika na gesi hiyo, na yaweza isisikike ilhali sumu ipo.

Ndani ya kipima hicho mna sehemu mbili ambazo hupatikana, kwa sura moja au nyingine, katika kila kihisi cha aina hii. Ya kwanza hukutana na kitu kinachotafutwa na kubadilika. Ya pili huyageuza mabadiliko hayo kuwa ishara ya umeme inayosomeka. Katika kipima cha fosfini, gesi huingia kwenye seli ndogo yenye kimiminika, ikapoteza elektroni juu ya kipande cha metali, na mkondo wa umeme unaozaliwa hapo hulingana na wingi wa gesi. Vihisi vya kibiolojia hufuata kanuni hiyo hiyo, ila sehemu ya kwanza huwa ni kitu kilichotoka kwenye uhai: kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini), kingamwili, au kipande cha DNA. Mwanasayansi Mmarekani Leland Clark ndiye aliyeonyesha njia mwaka 1962, pale yeye na mwenzake walipoeleza jinsi ya kuweka kimeng'enya kwenye elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme, ili kupima sukari, na vipima sukari wanavyotumia wagonjwa wa kisukari hadi leo ni uzao wa wazo hilo. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotolewa katika zahanati zetu nacho ni kihisi cha kibiolojia, kwani mstari unaojitokeza kwenye karatasi ni kingamwili zilizokamata protini ya kimelea. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati na sumu za neva za kivita huweza kutambuliwa kwa kutumia kimeng'enya kile kile ambacho sumu hizo hukizuia mwilini: kikinyamaza ndani ya kipimo, ni dalili kwamba sumu ipo.

Hapa Tanzania tuna kihisi kilicho hai kabisa. Mjini Morogoro, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo limewafunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini pamoja na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa takriban dakika 20, na sampuli anazozitilia shaka hurudiwa maabara kwa kipimo cha uthibitisho. Utaratibu huo, wa pua ya haraka kwanza na uthibitisho wa polepole baadaye, ndio moyo wa mifumo mingi mizuri.

Tofauti kubwa kati ya hatari za kikemikali na za kibiolojia ni muda. Kemikali hujeruhi kwa dakika, kwa hiyo kihisi chake lazima kijibu kwa sekunde, hata kama jibu hilo halina uhakika kamili. Tarehe 20 Machi 1995 kikundi cha kidini cha Aum Shinrikyo kilipoachia gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo, maelfu ya watu walikimbilia hospitali, na vifo vikafika 14, kimoja kati ya hivyo miaka 25 baadaye. Vipimo vya kwanza vya zimamoto vilitaja kemikali nyingine, asetonitrile, na ilichukua saa kadhaa kabla polisi hawajatangaza kuwa ni sarin. Madaktari walianza kuitilia shaka sumu ya neva kwa kuyaangalia macho ya wagonjwa, mboni zikiwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Mgonjwa ndiye aliyekuwa kihisi, na hilo ndilo jambo ambalo mfumo mzuri huwekwa ili lisitokee.

Kimelea, kwa upande wake, hujificha. Mtu aliyeambukizwa virusi vya Marburg huweza kukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili kuanza. Muda huo ni hatari kwa sababu ugonjwa unaweza kusafiri, lakini pia ni nafasi, maana kipimo kinachochukua saa kadhaa bado kina faida kubwa. Machi 2023 ugonjwa usiojulikana ulipojitokeza mkoani Kagera, sampuli zilipimwa na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii na ikathibitika kuwa ni Marburg. Watu 6 walifariki, na mlipuko ukadhibitiwa kabla haujavuka mkoa. Hapakuwa na kifaa kilichopiga kengele Bukoba. Kulikuwa na watu waliotoa taarifa ya vifo visivyoeleweka, na maabara iliyoweza kujibu. Kwa maoni yangu huo ni mfumo wa vihisi katika maana yake kamili, na wanaobuni vifaa vipya wangefanya vyema kuutazama kwa makini kabla ya kudhani kwamba wanaanza sifuri.

Sasa tufike kwenye suala linalowasumbua wataalamu kuliko yote, nalo ni kengele za uongo. Tuchukue kihisi kinachopima hewa mara moja kila saa, na tuseme ni kizuri sana, kiasi kwamba katika vipimo 1,000 vya hewa safi hukosea mara 1 tu. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo kihisi hicho kimoja kitapiga kengele isiyo na sababu takriban mara 9 kwa mwaka. Tukiweka vihisi 50 jijini, kengele hizo zitafika kama 438 kwa mwaka, zaidi ya moja kila siku. Ikiwa tukio la kweli hutokea mara moja katika miaka kadhaa, basi karibu kila kengele itakayolia itakuwa ya uongo, ingawa kihisi chenyewe hakina kasoro. Mlinzi anayepuliza filimbi kila jani linapotikisika huwafunza majirani kulala usingizi, na mtandao wa vihisi usiopangwa vizuri hufanya vivyo hivyo kwa zimamoto, hospitali na wakazi.

Dawa iliyozoeleka ni kudai vihisi viwili vikubaliane. Vihisi vyetu 50 vikipangwa kwa jozi 25, na kila jozi ipige kengele pale tu vyote viwili vinapoona hatari, kengele za uongo kwa hesabu hushuka hadi takriban moja katika miaka minne na nusu. Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo husahaulika: vihisi hivyo viwili visikosee kwa sababu moja. Vikiwa vya aina moja na vikakaa ukuta mmoja, vumbi au unyevu ule ule utavidanganya vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wabunifu hupendelea kuunganisha njia mbili zisizofanana, kwa mfano seli ya kikemikali pamoja na kifaa kinachotumia mwanga.

Kwa upande wa kibiolojia tatizo lina sura nyingine, kwani kihisi chaweza kusema kweli na bado kikapotosha. Marekani ilianzisha mwaka 2003 mpango uitwao BioWatch, ambao huvuta hewa ya miji mikubwa kupitia vichujio, na vichujio hivyo hupelekwa maabara kutafutwa DNA ya vimelea hatari. Katika miaka iliyofuata maabara zilipata majibu chanya zaidi ya mara 100, na hakuna hata moja lililohusishwa na shambulio. Mengi yalitokana na vimelea vinavyoishi kiasili katika mazingira, au ndugu zao wasio na madhara. Dar es Salaam tungekutana na jambo hilo hilo tukianza kutafuta bakteria wa kipindupindu kwenye mdomo wa mto Msimbazi, ambako maji baridi hukutana na ya bahari. Vibrio cholerae huishi kiasili katika maji ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya aina zake haisababishi mlipuko. Milipuko hutokana na makundi ya O1 na O139 yenye jeni la sumu. Kihisi kinachotambua jina la ukoo bila kutambua jeni hilo kitapiga kelele bure, tena kitapiga kila msimu. Kwa hiyo kabla ya kuweka kifaa chochote cha kibiolojia, lazima watu wachukue sampuli kwa muda mrefu wakati wa salama, wajue kawaida ya mahali hapo ikoje. Kazi hiyo haina mvuto na ni vigumu kuiombea fedha, lakini bila hiyo jibu chanya halina maana.

Turudi kwenye swali la wapi kihisi kiwekwe, maana hapo ndipo modeli zinapoingia. Modeli ni maelezo ya kihesabu, yanayoendeshwa na kompyuta, ya jinsi sumu inavyosafiri kutoka inapovuja hadi inapofika, na ya jinsi vihisi vitakavyoiona. Aina rahisi zaidi huichukulia gesi kama wingu linalosukumwa na upepo huku likitanuka pembeni na juu, na huhitaji mambo machache: kiasi kinachovuja, mwelekeo na kasi ya upepo, na utulivu wa hewa. Kwa jiji letu jambo la upepo si dogo. Wakati wa kusi, gesi itakayovuja Kurasini itaelekea zaidi upande wa Keko na Ilala; wakati wa kaskazi, itageukia Mtoni na Mbagala. Juu ya hayo kuna upepo wa kila siku, unaotoka baharini mchana na kuelekea baharini usiku. Vihisi vilivyopangwa kwa kutazama upepo wa Agosti peke yake vyaweza kuwa upande usiofaa kabisa ifikapo Januari.

Utulivu wa hewa ndio hatari isiyoonekana. Usiku, ardhi ikipoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu na hukataa kupanda, kwa hiyo gesi nzito hutambaa chini bila kuchanganyika. Huko Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za isosianeti ya methili zilivuja kutoka kiwanda cha viuatilifu, na wingu hilo zito likaingia kwenye makazi ya watu waliolala karibu na uzio. Maelfu walikufa. Modeli inayopima mchana pekee haiwezi kuonyesha usiku wa namna hiyo, wala modeli isiyozingatia uzito wa gesi haiwezi kuonyesha kwa nini klorini, iliyo nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, inataka kihisi kilicho karibu na sakafu, ilhali amonia, iliyo nyepesi, mara nyingi inataka kilicho juu.

Katikati ya majengo marefu ya Posta na Kariakoo modeli rahisi hushindwa, kwa kuwa upepo hujikunja, huzunguka nyuma ya ghorofa na hata kurudi ulikotoka. Njia ya kulijaribu jambo hilo ni kuachia gesi isiyo na madhara kwa kiasi kidogo na kuipima mitaani. Mwaka 2003 watafiti walifanya hivyo mjini Oklahoma City kwa kutumia heksafloridi ya salfa. Kwetu, hatua ya kwanza yaweza kuwa nyepesi zaidi, yaani kuweka vipima upepo katika mitaa michache na kuvilinganisha na takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Limebaki suala la utunzaji. Seli ya kikemikali huchakaa, kwa kawaida ndani ya miaka 2 hadi 3, na vihisi vya oksidi ya metali huyumbishwa na unyevu, ambao Dar es Salaam unazidi ule wa nchi nyingi vinakotengenezwa. Seli iliyokufa husoma sifuri, na sifuri hiyo inafanana kabisa na ile ya hewa safi. Kwa sababu hiyo kipima cha mkononi hupulizwa gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana kila siku kabla ya kazi, na kile kisichoitikia hurudishwa stoo, hata kama foleni ya makontena ni ndefu.