Je, wajua kwa nini kolamu moja inaweza kunenepesha ripoti nzima ya Power BI?

Ripoti ya Power BI, programu ya Microsoft ya kuchambua data na kutengeneza ripoti, ikikataa kwenda kwa barua pepe kwa sababu ni kubwa mno, wengi hukimbilia kuibana kwa zip. Haipungui, au hupungua kidogo tu, kwa kuwa faili la pbix, ambamo ripoti huhifadhiwa, lenyewe tayari ni zip. Tengeneza nakala yake, badilisha .pbix iwe .zip, kisha ifungue. Ndani kuna vipande kadhaa, na kimoja kiitwacho DataModel ndicho kwa kawaida hubeba karibu uzito wote. Data zako zimo humo, na zilishabanwa na injini iitwayo VertiPaq kabla hujahifadhi faili.

Injini hiyo ina namna yake ya kubana. Chukua jedwali la mauzo la kampuni yenye matawi 12, mistari milioni moja, na wateja wengi wanaolipa kwa simu. VertiPaq hailihifadhi mstari kwa mstari. Hulikata kolamu kwa kolamu, na kila kolamu huitengenezea kamusi ya thamani zake bila kurudia. Kamusi ya kolamu ya tawi ina majina 12 tu. Baada ya hapo mstari hauandikwi tena "Mwanza" wala "Tanga". Huwekewa namba ndogo inayoelekeza kwenye kamusi. Kutofautisha vitu 12 kunahitaji biti 4, kwa hiyo mistari yote milioni moja inakaa kwenye nusu megabaiti. Tena injini ikikuta Mwanza imefuatana mara 40,000, huiandika mara moja na kuweka idadi pembeni.

Sasa itazame kolamu ya namba ya muamala, ile ya herufi na tarakimu 10 inayokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kila mstari una yake. Kamusi itakuwa na maingizo milioni moja, na juu ya hayo kila mstari utahitaji biti 20 za kuelekeza kwenye kamusi hiyo. Ubanaji wa kamusi hapa haukupunguza kitu, umeongeza mzigo. Ndiyo maana idadi ya mistari inasema machache kuhusu ukubwa wa faili. Kinachouma ni wingi wa thamani tofauti ndani ya kolamu moja.

Kwa macho yangu, mkosaji mkubwa kuliko hata namba ya muamala ni saa. Siku ina sekunde 86,400. Kolamu inayochanganya tarehe na saa hadi sekunde inaweza kuwa na thamani tofauti 31,536,000 kwa mwaka mmoja. Itenganishe iwe kolamu mbili: tarehe 365 upande mmoja, na sekunde zisizozidi 86,400 upande wa pili. Ukiikata saa iishie kwenye dakika, zinabaki 1,440. Na tuseme ukweli, ni meneja gani anayeuliza mauzo ya saa nane na dakika 14 na sekunde 37?

Namba zenye desimali ndefu zina ugonjwa huohuo. Mahali pa duka kwenye ramani pakiandikwa kwa desimali nane, karibu kila kipimo kinakuwa cha pekee. Desimali nne huonyesha mahali kwa usahihi wa kama mita 11, na kwa ripoti ya mauzo hiyo inatosha na kubaki.

Kuna mtego mwingine usioonekana kabisa. Power BI ikiachwa na mipangilio yake ya awali, hutengeneza jedwali la kalenda lililofichwa kwa kila kolamu ya tarehe, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho uliomo kwenye kolamu. Mifumo mingi hujaza 1900 mahali tarehe isipojulikana, na 9999 kwa mkataba usio na mwisho. Zikikutana kwenye kolamu moja, unapata kalenda ya siku karibu milioni 3 ambayo hakuna aliyeiomba. Zima chaguo la Auto date/time kwenye Options, sehemu ya Data Load, kisha tumia jedwali moja la kalenda ulilolitengeneza mwenyewe.

Kuficha kolamu hakupunguzi chochote, na kichujio cha ukurasa hakipunguzi pia. Data bado imo ndani ya faili, zikiwemo namba za simu za wateja ulizodhani umeziondoa. Kolamu huondolewa kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, kabla data haijapakiwa. Hesabu kama faida jumla nazo, ziandike kama vipimo (measures) vinavyokokotolewa mtu anapofungua ukurasa, maana kolamu ya kukokotoa huhifadhiwa mstari kwa mstari.

Kama ripoti si yako, usikisie. DAX Studio ni programu ya bure, na sehemu yake ya View Metrics hupanga kolamu zote kwa ukubwa. Kalenda zilizofichwa utaziona kwa majina yanayoanza na LocalDateTable. Anza na kolamu tatu za juu. Ila kabla ya kufuta namba ya muamala, waulize watu wa uhasibu, kwa sababu huenda wanaitumia kulinganisha mauzo na taarifa ya benki. Wakisema wanaihitaji, watengenezee ripoti ya pembeni yenye mwezi mmoja tu, na ile kubwa iende bila hiyo kolamu.