Bima yake haikujui

Jumatatu wiki hii nimelisikia tena neno lile lile. Mama mmoja, mwalimu wa sekondari, kaketi mbele ya meza yangu, kaninyooshea simu. Picha ya cheti cha bima cha Coaster, konda kakishikilia juu ya boneti lenye matone ya mvua, kona moja imejikunja na kuficha jina la mwenye gari. "Huyu ndiye aliyenigonga. Kosa si langu, hata trafiki kasema. Sasa nataka bima yake inilipe."

Alikuwa amesimama taa za Mwenge na IST yake, Coaster ikamvaa kwa nyuma. Tangu siku hiyo miezi minne imepita, naye yuko nyumbani anasubiri kampuni ya bima impigie simu.

Hakuna kampuni ambayo ingempigia. Haikujua kwamba yupo.

Nimekaa kwenye madai ya magari miaka 14, mwanzoni ndani ya kampuni ya bima, sasa upande wa wateja. Sentensi hii, "kosa si langu, bima yake itanilipa", ndiyo inayowapotezea watu fedha kuliko matapeli wote wa bima niliowahi kukutana nao. Inapoteza fedha kwa sababu nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayomfanya mtu arudi nyumbani akakae.

Bima ya aliyekugonga ni mkataba wa watu wawili: yeye na kampuni yake. Wewe si sehemu yake. Kampuni imemwahidi yeye kwamba, akidaiwa fidia kwa kosa lake barabarani, itabeba deni hilo kwa niaba yake. Haijakuahidi wewe chochote. Unayemdai wewe ni dereva aliyekugonga, na mara nyingi mwenye gari pamoja naye, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi ya tajiri wake. Haki yako inaanzia kwa hao watu wawili, kisha inapita kwao kwenda kwenye kampuni. Ukiruka hatua hiyo ukaenda moja kwa moja kaunta ya kampuni na picha ya cheti, utaulizwa swali moja tu: "Mteja wetu ametoa taarifa?" Kama hajatoa, faili halifunguliwi.

Na mara nyingi hajatoa. Hapa ndipo ninapotaka watu wanielewe, kwa sababu kila mtu anadhani mwenye Coaster atakimbilia kuripoti, si ana bima? Hakimbilii. Fomu ya madai inajazwa na kusainiwa na yeye mwenye bima. Akiijaza, anaandika nani alikuwa anaendesha. Pengine siku ile usukani alikuwa nao deiwaka, dereva wa kutwa, leseni yake haina daraja la kubeba abiria, na mwenye gari anajua kwamba kampuni ikiona hivyo inaweza kuukana mkataba. Au gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi na linabeba abiria. Au ameshaliuza kwa maneno tu na kadi bado ina jina lake. Au hana sababu kubwa yoyote: hataki kupoteza punguzo la ada ya mwaka ujao kwa kutokuwa na madai, na simu yako akiiona haipokei. Wewe unasubiri kampuni, kampuni inamsubiri mteja wake, na mteja wake anasubiri uchoke.

Kwa hiyo kazi ya kulifungua faili ni yako. Pale barabarani, kabla magari hayajasogezwa, piga picha matairi yalivyokaa, vioo vilivyomwagika, namba za magari yote mawili, leseni ya dereva mbele na nyuma. Bima yenyewe ihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ukiwa hapo hapo. Stika siku hizi ni za kielektroniki na karatasi anayokuonyesha mtu inaweza kuwa ya mwaka juzi. Chukua jina na simu ya mwenye gari, si ya dereva peke yake. Deiwaka kesho yuko njia nyingine. Subiri trafiki apime na achore. Baadaye utahitaji taarifa ya polisi, PF 90, na ya ukaguzi wa gari, PF 93. Aliyeumia, hata kidogo, achukue na PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Halafu andika barua ya madai kwa dereva na mwenye gari, nakala kwa kampuni yao ya bima, na nakala ya kampuni igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaokusaidia siku watakapodai hawakuwahi kusikia jina lako. Kampuni ikishaipokea, yenyewe inaanza kumsumbua mteja wake aje ajaze fomu. Mwenye gari asiyeziogopa simu zako anaziogopa za kampuni yake.

Watu pia wanatulia mno wakisikia dereva amepelekwa mahakamani na kupigwa faini. Ile faini ni ya serikali. Haiingii senti moja kwenye bampa lako. Inachokupa ni karatasi: kama alikiri au alitiwa hatiani, nakala ya hukumu ndiyo ushahidi mzito kuliko maneno yote ya barabarani, na kampuni nyingi hazitalipa mtu wa tatu, yaani wewe usiye mteja wao, bila kuiona. Kwa hiyo fuatilia hiyo kesi, jua iko mahakama gani na inatajwa lini. Najua inachosha. Mwalimu wangu aliniambia, "Lakini mimi si mshtakiwa, niende kufanya nini?" Nenda ukachukue nakala, mama.

Kuhusu bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, nitapita haraka. Ile ada unayolipia gari lako dogo la binafsi haitengenezi gari lako, hata kosa likiwa la nani. Inawalinda wengine dhidi yako. Na sheria ya lazima, Sura ya 169, kilio chake ni miili ya watu, kifo na majeraha. Uharibifu wa mali unaingia kwa masharti ya mkataba wenyewe, na una ukomo. Basi likigonga magari matano kwa mpigo, ukomo ule ule mnagawana wote watano, na kinachozidi mnamdai mwenye basi.

Sasa wenye bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, ambao ndio wanaoniumiza kichwa zaidi.

Mtu ana bima kubwa, amelipa zaidi ya milioni kwa mwaka, amegongwa na asiye na kitu, na anakataa kuitumia bima yake. "Kwa nini niitumie yangu wakati kosa si langu? Alipe yeye!" Gari linakaa gereji wiki tisa. Anapanda bodaboda kwenda kazini huku mkataba unaoweza kulitengeneza uko kabatini. Ndugu yangu, bima kubwa uliinunua kwa ajili ya siku kama hiyo. Haiulizi kosa ni la nani ili itengeneze gari lako. Kampuni yako inakulipa wewe kwanza, kisha inachukua haki yako ya kudai na kumgeukia aliyekugonga, kwa wanasheria wake na kwa muda wake. Vita vya kumtafuta deiwaka vinakuwa vyao.

Tuseme matengenezo ni shilingi milioni 4 na eksesi yako, ile sehemu ambayo mkataba unakutaka ubebe mwenyewe, ni laki 4. Kampuni inalipa milioni 3 na laki 6. Ikimdai mwenye kosa inadai milioni 4 kamili, na laki 4 zikipatikana ni zako. Punguzo la kutokuwa na madai nalo uliulize kwa maandishi: fedha zote zikirudi, mtanirudishia punguzo langu? Wengine wanarudisha, lakini hawakuambii usipouliza.

Hapa sitakuficha kitu. Hizo laki 4 zinachelewa. Nimekuwa na wateja waliozipata baada ya mwaka na nusu, na wapo ambao hawajazipata hadi leo. Na aliyekugonga akilipa nusu tu, nani aanze kupata chake, wewe au kampuni? Nimeona ofisi mbili zikifanya tofauti kwa mazingira yanayofanana kabisa. Mimi naamini aanze mteja, na ndivyo ninavyoandika kwenye barua zangu, lakini nimeshindwa mara kadhaa. Vilevile kwa mkwaruzo mdogo, ambao gharama yake inazidi eksesi kidogo tu, sina jibu linaloniridhisha. Kuna siku namshauri mtu adai, usiku nalifikiria upya.

Ninalolijua bila shaka ni hili: usisaini karatasi ya "tumemalizana" na aliyekugonga halafu uje kudai bima yako kubwa. Kijana mmoja alipewa laki 3 pale Tabata, akasaini nyuma ya risiti ya mafuta kwamba hana dai tena. Gereji ikafungua bampa, ikakuta chesisi imepinda. Kwa saini ile alikuwa ameua haki ambayo kampuni yake ingeitumia kumdai mwenzake, na mkataba ulikuwa unamkataza kufanya hivyo. Kampuni ikakataa, na kwa kweli sikuwa na hoja ya kumtetea. Kama ni lazima upokee kitu barabarani, kiandikwe kwamba ni sehemu ya malipo, na piga simu kwa kampuni yako kabla ya kushika kalamu.

Upande wa makadirio: gari lisiguswe na fundi bodi kabla mkaguzi wa hasara hajaliona. Kila wiki naletewa risiti za Shaurimoyo za taa na madigadi yaliyokwishafungwa na kupigwa rangi, na mkaguzi anakuja kukagua gari zima. Atakadiria nini? Pia jiandae kukatwa uchakavu. Gari la miaka 15 likifungwa kipuri kipya, kampuni itasema fidia ni kukurudisha ulipokuwa, si kukupandisha. Kwa matairi na betri nawaelewa. Kwa taa na mlango sikubali kirahisi, maana hakuna aliyepata faida kwa kubadilishiwa mlango ambao ulikuwa unafunga vizuri, na hapo huwa nabishana hadi mwisho.

Na wale ambao gari ndiyo kazi yao, dai lenu si bati peke yake. Siku ambazo chombo kimelala ni hasara pia, na unaweza kumdai mwenye kosa, ila kwa ushahidi. Dereva wa bajaji wa Buguruni aliwahi kuniletea daftari la shule, jalada limelowa oili, kila ukurasa una tarehe, mafuta, hesabu ya tajiri, na kilichobaki. Miezi saba bila kuruka siku, hata siku aliyougua kaandika "homa". Kampuni ilitaka kumlipa matengenezo tu. Tuliliweka lile daftari mezani, tukaweka na barua ya gereji inayoonyesha siku lilipoingia na siku lilipotoka, wakamlipa na siku zake 23. Wengi wananiambia "kwa siku napata elfu 40" na hawana hata ujumbe mmoja wa simu wa kuonyesha.

Kama ni lori la nchi jirani limekugonga, la Zambia, Kongo au Rwanda linalotoka bandarini, usikate tamaa kwamba limeshavuka mpaka. Omba Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; ndiyo bima ya magari yanayovuka mipaka. Ipige picha pande zote. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000, na dai lako linashughulikiwa hapa hapa nchini.

Hati ya malipo ya mwisho isome kabla ya kusaini. Ikisema umepokea kwa ajili ya madai yote, yanaingia na ya mwili. Shingo iliyotikiswa inaweza kuanza kuuma baada ya wiki. Omba ya gari iandikwe peke yake, ya majeraha ibaki wazi mpaka daktari aseme umefika mwisho wa matibabu. Ila usiiache wazi milele: ukitaka kumshtaki aliyekugonga, sheria inakupa miaka 3, na barua za kubembelezana hazisimamishi saa hiyo. Ukiwa na mgogoro na kampuni yako mwenyewe kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Itumie kabla hujamlipa wakili.

Mwalimu wangu tulimpata mwenye Coaster kwa namba ya gari. Anaishi Kimara. Alikuwa hajui kabisa kwamba deiwaka wake aligonga mtu. Bampa la mbele alimwambia limegonga nguzo. Barua alipelekewa Jumanne, nakala ya kampuni imegongwa muhuri Jumatano, jana saa nne akaja mwenyewe kujaza fomu, akamwamkia mama "shikamoo mwalimu" na kumwomba radhi. Leseni ya yule kijana ina daraja linalotakiwa, nimeiangalia mara mbili. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Taa ya nyuma ya IST bado imefunikwa kwa utepe mwekundu, na nimemwomba asiibandue mpaka mkaguzi apige picha.