Je, wajua kwa nini Athens ya kale ilipata viongozi wake kwa bahati nasibu?

Athens, Ugiriki, karne ya 5 na ya 4 KK. Hoja za Mkutano wa wananchi zilitayarishwa na Baraza la watu 500, na wajumbe wake hawakufanya kampeni. Walipatikana kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila moja ya makabila 10, wakatumikia mwaka mmoja. Humo Barazani kura ya bahati iliendelea: kila siku ilimtoa mwenyekiti mpya, akakabidhiwa funguo za hazina na muhuri wa dola kwa usiku mmoja na mchana wake. Hakuupata tena uenyekiti huo maishani.

Waamuzi wa mahakama nao walipatikana kwa bamba la jiwe lenye safu za matundu membamba. Kila mtu alikuwa na kibati cha shaba chenye jina lake. Vibati vilichomekwa matunduni, kisha kete nyeupe na nyeusi zikamiminwa kwenye mrija ubavuni. Ikitoka nyeupe, safu nzima iliingia kazini. Ikitoka nyeusi, safu nzima ilirudi nyumbani. Kumhonga mwamuzi mapema kulikuwa kugumu, maana hakuna aliyejua nani angeketi.

Sababu kubwa ni kwamba uchaguzi humbeba mwenye mali, ukoo na ulimi mtamu. Mwanafalsafa Aristotle anaandika kuwa kura ya bahati ilihesabiwa ya kidemokrasia, na uchaguzi wa watawala wachache. Lakini vita hawakuviachia bahati: majemadari 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na waliweza kurudi tena na tena, kama kiongozi maarufu Pericles.

Mwanafalsafa Socrates hakuridhika. Mfuasi wake, mwandishi Xenophon, anaeleza kuwa Socrates alishutumiwa kwa kusema ni upumbavu kupata watawala kwa kura ya bahati, ilhali hakuna anayempata nahodha au seremala kwa njia hiyo. Mwanafunzi wa Socrates, Plato, akaenda mbali zaidi, akataka watawale wanafalsafa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini kwangu jibu la Aristotle ni zito zaidi. Fundi hujenga nyumba, anasema, ila anayeijua vizuri ni anayeishi ndani yake. Na karamu huhukumiwa na mlaji, si mpishi. Utaalamu wa kutengeneza jambo haumpi mtu haki ya kuwa mwamuzi wake pekee. Inaniuma kwamba Athens haikuifikisha hoja hiyo mwisho: wanawake, watumwa na wageni waliishi katika nyumba hiyo hiyo, wala hawakuulizwa.

Mwaka 406 KK jambo hili lilipimwa kwa damu. Majemadari walishinda vita vya baharini vya Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Wananchi wenye hasira wakataka kuwahukumu wote kwa mkupuo, ingawa sheria ilidai kila mtu asikilizwe peke yake. Mjumbe mmoja wa Baraza aligoma katakata huku umati ukipiga kelele. Alikuwa Socrates, aliyeketi pale kwa kura ya bahati. Hakusikilizwa, na majemadari sita wakauawa. Haukupita muda mrefu, Waathene wakajuta, wakawafungulia mashtaka wale waliowapotosha.