Nywele zilizonyonyoka hurudi? Maswali na majibu

Maswali haya husikika kila siku kwenye saluni za Arusha na Moshi. Mengi huja na jibu lake tayari, na mara nyingi jibu hilo ndilo linalomchelewesha mtu hadi kichwa kisitibike.

Nimefumua rasta, nywele zimejaa sakafuni. Naelekea kuwa na kipara?

Kichwa kina nywele takriban 100,000, na kila siku 50 hadi 100 hutoka zenyewe. Ukikaa na rasta wiki sita, zile zilizotoka hazina pa kuangukia, zinabaki zimenaswa. Siku ya kufumua unakutana na mzigo wa siku 42, yaani nywele 2,000 au zaidi. Fungu hilo peke yake si ugonjwa.

Chukua unywele mmoja uangalie ncha zake. Ukiona kidonge kidogo cheupe upande mmoja, umetoka na shina lake. Usipokiona, umekatika njiani, na hapo chanzo ni dawa ya kunyoosha, moto wa pasi au kuchana nywele zikiwa kavu. Za kukatika hutibiwa kwa matunzo. Za kutoka na shina, zikizidi kiasi hicho cha kawaida, zinahitaji kutafutiwa sababu.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita na nywele zinatoka mkono mzima. Niache kunyonyesha?

Usiache, kunyonyesha hakuhusiki. Wakati wa ujauzito homoni hushikilia nywele nyingi zisitoke. Ukijifungua, nywele hizo huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne huanguka kwa pamoja. Malaria kali, taifodi, upasuaji na kujinyima chakula ili kupungua haraka huleta hali hiyohiyo. Kwa hiyo ukitafuta sababu, rudisha hesabu nyuma miezi miwili au mitatu. Mafuta uliyoanza kupaka juzi yanasingiziwa bure.

Hali hii huisha yenyewe, na wengi hujaza tena ndani ya miezi 6 hadi 12. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo dalili ya kwanza ya kupona ni vinywele vifupi vinavyosimama kwenye paji.

Ikiwa pia unachoka sana, unasikia kizunguzungu na viganja vimepauka, pima damu. Upungufu wa madini chuma huchelewesha nywele kurudi. Kula dagaa, nyama, maharage na mnavu pamoja na chungwa au limao, na chai uinywe saa moja baada ya mlo kwa sababu huzuia madini hayo kufyonzwa. Mtori ni chakula kizuri cha mzazi, ila madini chuma yake yanatoka zaidi kwenye nyama kuliko kwenye ndizi, kwa hiyo nyama isipunguzwe.

Nimeamka na kiraka cha mviringo, laini kabisa. Nyumbani wanasema nimenyolewa na wachawi usiku.

Hakuna aliyeingia chumbani. Kinga ya mwili wako imekosea na kushambulia mashina ya nywele mahali pamoja. Huanza ghafla, haiumi, na ngozi hubaki safi bila magamba. Ukitazama pembezoni utaona vinywele vifupi vilivyo vyembamba chini na vinene juu. Wembe hauachi alama ya namna hiyo. Tafadhali asituhumiwe bibi wala jirani kwa ajili ya kiraka hiki.

Wengi wenye kiraka kimoja au viwili huota nywele tena ndani ya mwaka, hata bila tiba. Za kwanza zinaweza kuwa nyeupe, kisha zikapata rangi. Vikiongezeka, mtaalamu wa ngozi anaweza kuchoma sindano ndogo za steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kwenye kiraka chenyewe kila wiki 4 hadi 6. Kusugua kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi, na kidonda kikiacha kovu, unywele hauoti hapo.

Viraka vingi vidogo visivyo na umbo, kama nguo iliyoliwa na nondo, ni jambo jingine: pima kaswende. Inatibika kwa sindano za penisilini, na nywele hurudi.

Mtoto ana mapunye. Tumempaka krimu miezi miwili, hayaishi.

Hayawezi kuisha kwa krimu, kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele na krimu inaishia juu ya ngozi. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa dozi inayopimwa kwa uzito wake, kwa wiki 6 hadi 8. Mlezi ampe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Kosa la kawaida ni kuacha magamba yanapopotea, wiki ya tatu hivi, na mapunye yanarudi. Angalieni vichwa vya ndugu zake pia, na chanuo na mashine ya kunyolea visichangiwe.

Uvimbe laini wenye usaha juu ya mapunye si jipu. Usitumbuliwe; mpelekeni hospitali mapema.

Nywele za mbele zimerudi nyuma. Msusi anasema rasta zisipobana hazidumu.

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu hasara hii ingezuilika. Rasta ikikufanya umeze panadol ili ulale, inang'oa nywele. Vipele kwenye mstari wa paji na vijimirija vyeupe vinavyozunguka unywele ni dalili kwamba mvuto unaendelea. Fumua siku hiyohiyo, hata kama umelipia jana.

Ukiacha mapema, nywele huanza kurudi ndani ya miezi michache. Ukiendelea kwa miaka, vitundu vya nywele huzibwa na kovu, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hakuna mafuta yatakayovifungua.

Mwambie msusi aache nje nywele za ukingoni, asuke mafungu manene, atumie rasta nyepesi na fupi. Usisuke ndani ya wiki mbili baada ya kuweka dawa ya kunyoosha, kwa maana dawa na mvuto kwa pamoja huharibu kuliko kimoja peke yake. Wiki sita zikifika, fumua, na upumzishe kichwa wiki mbili. Gundi ya wigi nayo huvuta ukingo uleule.

Utosini pananiwasha, panachoma, na nywele zinapungua kwa kuzunguka. Ni uzee?

Si uzee, na usisubiri. Kuna ugonjwa unaowapata hasa wanawake weusi, unaoanza utosini na kupanuka polepole huku ukiacha makovu. Tiba huuzuia usiendelee. Palipokwisha kufanya kovu mara nyingi haparudi. Moshi tuna bahati: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hospitali ya KCMC tangu 1992. Daktari anaweza kukata kipande cha ngozi cha milimita 4 ili kuthibitisha.

Kofia na helmeti ya bodaboda huleta kipara?

Hapana. Kipara cha wanaume hutokana na urithi, wa baba na wa mama pia, pamoja na homoni. Minoksidili, dawa ya kupaka, ya asilimia 5, mililita moja asubuhi na moja jioni kwenye ngozi kavu, husaidia baadhi yao. Wiki za kwanza nywele huzidi kutoka, na wengi huacha hapo wakidhani imewadhuru. Ipe miezi 4 hadi 6. Ukiiacha, ulichopata kinapotea. Mjamzito asiitumie.

Na floraidi ya maji ya Arusha?

Floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa hutia meno madoa, na ikizidi sana huathiri mifupa. Kuoshea kichwa maji hayo hakung'oi nywele.

Mafuta ya mnyonyo, ya parachichi, vidonge vya biotini?

Mafuta hupunguza kukatika, hayaoteshi. Upungufu wa biotini ni nadra, na dozi kubwa ya vitamini hii hupotosha vipimo vya tezi ya shingoni na vya moyo, kwa hiyo mwambie mtu wa maabara kabla hajachukua damu.

Niende kliniki nikiwaje?

Fumua nywele, usipake mafuta siku hiyo, wala usinyoe. Beba dawa zote unazotumia, na picha za kichwa chako za miezi iliyopita kama unazo kwenye simu.